Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama cha boti za mizigo, Kisangani

Wandugu wanachama, wazee, mama wa biashara na vijana wa boti, jambo kwenu. Najua wengi mnasoma kwa simu mko njiani, sitarefusha, ingawa mnanijua.

Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700 za maji ya mto Kongo bila poromoko hata moja, Mungu katupa bure, na bado mfuko wa saruji ukifika huku bei yake inatisha. Watu wananiuliza tutajengewa bandari gani, mimi nasema kabla ya bandari turudishiwe baliza, zile alama za kuonyesha boti njia ya maji. Zamani nahodha alikuwa anafata alama kisiwa kwa kisiwa, saa hizi anafata kichwa chake na vijana wawili wamesimama mbele na fito zenye mistari, mmoja kulia mmoja kushoto, wanachoma maji wanaita kina, ukikosea kidogo tu mmekaa juu ya mchanga. Na usiku unafunga boti ukingoni unangoja kuche.

Na sisi tulikaa kweli. Boti letu lenye mpunga wa Bumba na mafuta ya mawese lilipanda mchanga chini ya Lisala wakati maji yamepungua, siku tisa pale pale, tukapakua bidoni moja moja kwa mitumbwi mpaka likaelea, mama mmoja akawa anapika na kuuza chakula juu ya mchanga kama yuko sokoni, yani tungekaa zaidi angejenga. Mpunga kiasi ulilowa. Hasara komite imeigawia wote na najua kuna walionuna, hesabu iko kwa mweka hazina, njooni muone.

Wale wanaotaka tuanze na mzigo wa Kindu, kule juu ya mto, sikatai, ila hesabuni kwanza. Hapa kuna maporomoko ya Wagenia, kwa hiyo ni treni kilomita 125 mpaka Ubundu, njia ya toka 1906, alafu boti tena kama kilomita 300 hivi mpaka Kindu, na kila mahali unalipa wapakuzi upya. Hata chini ya mto ni vilevile, Kinshasa hadi Matadi mzigo unapanda treni au lori. Ndio maana kipande chetu hiki kirefu kisicho na kushusha ndo cha kupigania.

Nchi za mto huu zina tume yao ya mto toka 1999, CICOS, iko palepale Kinshasa. Komite imekubali tuandike barua na ramani ya sehemu zote tulizokwama, kila nahodha alete zake, hata kwenye karatasi ya daftari.

La mwisho, boti lisilo na jile (jaketi za kuelea) za kutosha halipakii mzigo wa chama, hata likiwa la shemeji yangu, na ameshanipigia. Tunaonana Jumapili baada ya misa, bandarini, mje na michango.