Bibi, hadithi hii nayo ilizaliwa mtoni

Oxford, Julai

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima na goti limepoa. Mdogo wangu akusomee polepole, asiruke mstari hata mmoja, maana namjua. Mimi sijambo. Kazi ya kutunza wazee inaendelea vizuri, na pesa ya dawa nimeituma kwenye simu ya Shangazi.

Jumamosi nilikuwa na mapumziko, nikaenda mjini kutazama sherehe. Sikutegemea nirudi nimekukumbuka hivi. Mji huu, Bibi, kila mwaka mwanzoni mwa Julai husherehekea hadithi. Si Maulidi, si arusi ya mfalme. Hadithi ya watoto! Niliposhuka basi nikapishana na mtu mzima kavaa masikio marefu ya sungura, saa ya mnyororo mkononi, anakimbia na kulia kwamba amechelewa, na watoto nyuma yake kama nyuki. Mbele kidogo nikamwona Malkia wa Kopa, kopa ile ile ya karata za Mjomba pale barazani, anaamuru watu wakatwe vichwa, na watoto wanacheka mpaka wanakaa chini.

Hadithi yenyewe ni ya msichana Alice, aliyemfuata sungura mweupe akatumbukia shimoni, akatokea nchi isiyo na kanuni. Lakini kilichonigusa ni namna ilivyozaliwa. Tarehe 4 Julai 1862, mwalimu wa hesabu wa chuo cha Christ Church, Charles Dodgson, alipanda mashua na rafiki yake mchungaji Duckworth pamoja na mabinti watatu wa mkuu wa chuo: Lorina, Alice na Edith. Alice alikuwa na miaka 10. Wakapiga makasia kutoka daraja la Folly, wakaupandisha mto Thames mpaka Godstow, wakanywa chai ukingoni. Njiani watoto wakataka hadithi, naye akaitunga papo hapo, makasia yakiendelea. Walirudi saa mbili na robo usiku, ila huku Julai saa hizo jua bado linaonekana.

Alice mwenyewe alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba huyo mwalimu alikuwa na mchezo wake: hadithi ikinoga, anakatisha, anasema iliyobaki ni siku nyingine, au anajifanya kasinzia humo humo mashuani. Watoto wanapiga kelele: siku nyingine ndiyo hii!

Bibi, niliposikia hilo nilisimama pale darajani machozi yakanilenga. Nilikuona wewe. Kima yuko mgongoni kwa papa, katikati ya maji, papa kishamwambia kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima, na wewe ndipo unaponyanyuka kwenda kutazama chungu! Unafunua, unakoroga, unaonja chumvi, unafunika. Sisi tumebana pumzi mkekani. Sikujua kwamba ng'ambo ya bahari kulikuwa na mtu mwingine mwenye ufundi huo.

Nikaenda pia kumtazama dodo kwenye makumbusho yao ya viumbe. Ni ndege aliyekuwa akiishi Morisi, bahari yetu hii hii, akamalizwa na watu. Limebaki fuvu na mguu. Mwalimu yule alikuwa na kigugumizi, na husemwa kwamba dodo wa kwenye hadithi ni yeye mwenyewe, kwa jinsi alivyokwama kwenye jina lake: Do-Do-Dodgson.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye neno langu. Hadithi ile ingeishia majini. Watu wale watano wangezeeka nayo, ikafa. Alice ndiye aliyemsihi mwalimu amwandikie. Ikamchukua zaidi ya miaka miwili. Novemba 1864 akampa daftari, kaliandika kwa mkono na michoro kaichora mwenyewe. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu, jina la mwandishi likiwa Lewis Carroll. Mwaka 1940, wewe hujazaliwa bado, kilikuwa kimeshafika kwenye Kiswahili chetu, kikiitwa *Elisi katika Nchi ya Ajabu*. Mtoto aliomba mara moja tu, Bibi, tazama ilipofika.

Mimi sikuwahi kukuomba. Nimekula hadithi zako miaka yote kama ninavyokula wali, sikufikiri kwamba vitakwisha. Hivi leo nikijaribu kumsimulia mtoto wa jirani huku, nasema "Paukwa" vizuri, nafika kwenye punda wa dobi, nakwama. Wimbo ule anaoimba kima akiwa juu ya mkuyu umenitoka kabisa, na kwa mwingine sijausikia.

Basi nakuomba sasa. Jioni, mkishakula, mdogo wangu aweke simu karibu yako arekodi, anitumie. Nitakuwa nikiandika usiku nikitoka kazini, neno kwa neno, kwa maneno yako ya Pangani, sibadilishi kitu. Anza na kima na papa. Na papa mweke pale pale pantoni inapovukia kwenda Bweni, kama unavyomweka siku zote.

Ukifika mahali pa chungu, nyanyuka tu ukakitazame. Simu iachwe iendelee. Nitasubiri.

Mjukuu wako