Salamu za shukrani kutoka kwa familia: asanteni kwa kumzika baba, na asanteni kwa damu

Ndugu, jamaa, marafiki, majirani na waumini wenzetu, tunawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi ndo binti mkubwa wa marehemu, mama na wadogo zangu wameniomba niandike hapa kwa sababu kila tukikaa kupiga simu za shukrani tukifika jina la pili la tatu sauti zinakatika, na watu ni wengi mno, wengine hata namba zenu hatuna. Kwa hiyo naomba mpokee haya kama vile tumekuja kwa kila mmoja wenu kumshika mkono.

Kwanza kabisa tunamshukuru Mungu aliyetupa baba yule. Wengi mlimjua kama mzee wa kanisa, yule wa kufungua milango Jumapili kabla hata wanakwaya hawajafika, na kwenye kamati ya shule nadhani hakuna kikao alichokosa akiwa mzima. Nyumbani sisi tulikuwa na baba wa kukagua madaftari ya wajukuu kila jioni, begi la mtoto likichanika analishona mwenyewe kwa mkono, pole pole, uzi mara mbili mbili ili lisichanike tena. Mama anasema nisiache kuandika hili, kwamba miaka yote ya ndoa yao hawakuwahi kulala bila kusali pamoja, hata siku ambazo wamekwazana na hawasemeshani, wakati wa sala ukifika anamshika mkono wanasali.

Ila kwenye mji wetu huu mdogo kitu kilichofanya kila mtu amjue ni ile kazi yake ya kuhamasisha watu wachangie damu. Alianza peke yake, na wengine mtakumbuka mwanzoni maneno yalikuwa mengi mtaani, eti damu inauzwa, eti ukitolewa unapungukiwa nguvu maisha yako yote. Hakubishana na mtu. Siku ya kuchangia alikuwa anafika wa kwanza, analala kitandani, anakunja shati, anatolewa mbele ya macho ya watu, halafu anainuka taratibu anakaa pale pale mlangoni kupokea wengine. Kanisani alikuwa hachoki kurudi kwenye ule Waraka wa Yakobo sura ya 2, pale panapoongelea imani na matendo, akishasoma anauliza nani zamu yake mwezi huu.

Na hiyo zamu ndo ilikuwa akili yake kubwa kwa kweli. Sehemu nyingi watu wanajitokeza kwa wingi tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, baada ya hapo kimya. Baba alikuwa anasema mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hasubiri Juni, wala mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali, wala aliyepata ajali usiku. Damu hakuna kiwanda kinachoitengeneza mpaka leo, na ikishatolewa haikai milele, zile seli nyekundu hata zikiwa kwenye friji mwisho wake ni siku 35 mpaka 42 hivi kutegemea na dawa iliyowekwa kwenye mfuko, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda zenyewe zinakaa siku chache tu kama 5 hivi. Kwa hiyo akaanzisha daftari. Jina, kundi la damu, tarehe ya mwisho kuchangia, na pembeni maelezo yake kwa ule mwandiko wake wa kulala, "ananyonyesha, asisumbuliwe", "yuko kwenye dawa, aulizwe tena", "anaogopa sindano, nimpeleke mwenyewe".

Sasa yeye mwenyewe alikuwa kundi O hasi. Wanaojua mambo haya wanaelewa, mtu wa O hasi seli zake nyekundu zinaweza kupewa karibu mgonjwa yeyote, ndo zile wanazokimbilia kwenye dharura kabla hawajajua kundi la mgonjwa, ila yeye akiumwa anahitaji damu ya mwenzake wa O hasi na hao ni wachache sana. Alilijua hilo miaka yote na hakuwahi kulisema kwa kulalamika.

Vidonda vya tumbo vilipoanza kuvuja akaanza kutapika damu tukamkimbiza hospitali, madaktari walituambia anahitaji damu haraka na ya kundi lake haitoshi. Mdogo wangu ndo alikumbuka daftari. Tulilifungua pale pale kwenye benchi la wodini tukaanza kutafuta O hasi mmoja mmoja na kupiga simu, usiku, na mlipokea. Mlikuja. Kuna kijana alitoka kazini na nguo za kazi, kuna dada ambaye miaka ya nyuma alipewa damu akijifungua akasema muda wake wa kuchangia tena umeshatimia na alikuwa anajiuliza mbona mzee hajampigia. Na wengine wengi mlikuja makundi yenu siyo, mkachangia hivyo hivyo kwa ajili ya wagonjwa wengine, kitu ambacho baba alipoamka na kuambiwa alitabasamu kuliko alivyotabasamu kutuona sisi, na wala hatukuona wivu.

Damu yenu ilitupa siku ambazo tusingezipata. Aliongea na wajukuu wote, akamuombea kila mmoja kwa jina, akakaa na mama, akaongea na mchungaji, akatuelekeza mambo ya nyumbani bila haraka. Halafu Mungu akamchukua, na ingawa tunaumia hatuna la kulaumu, madaktari na manesi walifanya kazi mpaka jasho likawatoka na tunawashukuru kwa moyo wote.

Asanteni mchungaji na wazee wa kanisa, asanteni wanakwaya, sauti zenu zilimshika mama akasimama. Asanteni kina mama mliopika na kuosha vyombo mpaka usiku wa manane, asanteni vijana mliochimba kaburi kwenye ile mvua, asanteni waalimu na wanafunzi mliokuja kwa miguu. Wafanyakazi wenzetu, wakwe zetu, majirani mliolaza wageni wetu vyumbani kwenu nyie mkalala sebuleni, mliotuma rambirambi na mliotuma ujumbe kwenye grupu tukashindwa kuujibu, wote. Kama kuna niliyemruka hapa ni wingi wenu tu.

Kuna wengi mlitusimulia mambo tuliyokuwa hatuyajui, ada alizolipia watoto wa watu, wagonjwa aliolala pembeni yao. Tunaomba mwendelee kutusimulia, hasa mama anapenda sana kusikia, msiogope kwamba atalia.

Pia kama ilivyo kawaida, yeyote anayemdai marehemu au aliyeachiwa naye kitu tunaomba aje amuone baba mdogo nyumbani. Hesabu za kamati ya shule zilikuwa zimefungwa kabisa na risiti zimebanwa kwa tarehe, tumeshazikabidhi kwa mwenyekiti. Waliokuwa wanadaiwa nae, mama amesema amewasamehe wote.

Ibada ya shukrani tutaitangaza kanisani tukishaelewana na mchungaji. Daftari la damu litakuwa kwangu, na mdogo wangu anaingiza majina kwenye simu ila lenyewe linabaki. Mliochangia usiku ule tumewaandika tarehe zenu, wanaume baada ya miezi 3 na wanawake baada ya miezi 4 nitawapigia. Na wale mnaotaka kuingia wapya, mwenye miaka 18 na kuendelea, kilo 50 na kwenda juu, na afya njema, niandikieni jina tu, hata kundi lako kama hulijui utapimwa siku hiyo hiyo.

Kwa niaba ya mama, wadogo zangu, wajukuu na ukoo mzima, asanteni sana sana.