Arobaini yako, na mguu mmoja ukivimba

Mwanangu mpenzi,

Najua bibi zako wameshapanga nani atakukanda na nani atakupikia uji. Nakuandikia kuhusu damu kuganda kwenye mishipa ya mguu, maana hilo huwa halisemwi.

Mjamzito damu yake huganda upesi kuliko kawaida, ili asivuje sana akijifungua. Lakini tumbo nalo hubana mishipa ya nyonga, damu ya miguuni ikapanda polepole, na ikizubaa huweza kuganda humo humo. Mara nyingi ni mguu wa kushoto, kwa sababu vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya upande huo hupita nyuma ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iendayo mguu wa kulia, ikabanwa. Bonge likichomoka hupanda mapafuni, na hapo ndipo linapoua.

Hatari hii haiishi mtoto akitoka. Wiki 6 baada ya kuzaa, hasa zile 3 za mwanzo, ndizo mbaya zaidi: yaani arobaini yote. Kaa arobaini yako ndani, ila usishinde kitandani. Tembea, kunywa maji. Na ukizaa kwa upasuaji, simama mara tu wauguzi watakapokuruhusu.

Anayekukanda atazame kwanza miguu yote miwili. Ukivimba mmoja, ukauma, ukawa wa moto, chukua tepu ya fundi cherehani, pima sentimita 10 chini ya goti, kila mguu. Ukizidi mwenzake kwa sentimita 2, hospitali siku hiyo hiyo, ukapigwe ultrasaundi ya mguu. Hata vipimo vikilingana, maumivu yakiendelea nenda, maana huweza kuanzia kinenani au takoni. Mguu huo usikandwe kabisa, hata nani akisisitiza: kukanda kunaweza kung'oa bonge. Ikivimba yote miwili, kapimwe presha.

Pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma ukivuta hewa, ukikohoa damu au ukizimia, usingoje kuche.

Kliniki useme kila kitu: kama wewe, mzazi au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuganda damu, kama una selimundu, kama ni mapacha. Huenda ukaandikiwa sindano za enoksaparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mwenye kilo 50 hadi 90 kwa kawaida hupewa miligramu 40 za kujikinga kila siku. Dawa hiyo haivuki kondo. Choma chini ya ngozi ya paja au tumbo, saa ile ile kila siku. Kipovu cha hewa kwenye sindano iliyojazwa kiwandani usikitoe, na ukishachoma usisugue. Uchungu ukianza, usichome nyingine kabla ya kuwaambia wakunga. Vidonge vya warfarini, navyo vya kuzuia damu kuganda, huweza kumdhuru mtoto tumboni, ingawa anayenyonyesha huruhusiwa.

Na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, homoni inayochochea damu kuganda, usiviguse arobaini hiyo. Ukinyonyesha, afadhali mtoto atimize miezi 6. Kijiti hakina estrojeni, kiulizie.

Mama yako