Zimamoto wa kujitolea waanzie mtaani kwetu

Mhariri naomba nafasi kidogo. Tangu soko la Kariakoo liungue Julai 2021 kila moto ukitokea tunarudia yaleyale, gari limechelewa, njia hamna, maji yameisha, na ni kweli uchochoro wa Manzese au Tandale gari kubwa halipiti hata dereva awe fundi vipi, kwa hiyo dakika zile za mwanzo ni za majirani tu na majirani wenyewe hatujui tufanye nini. Mafuta ya chipsi yakishika moto mtu anamwagia maji, moto unaruka mpaka darini, kumbe ungefunika tu sufuria na kuzima gesi basi.

Nchini Chile zimamoto ni watu wa kujitolea, kikosi cha kwanza kilianzia mji wa Valparaíso mwaka 1851 na mpaka leo wapo. Sisi vijana tunao tena wengi, bodaboda wa kijiweni wanajua kila kona. Jeshi la Zimamoto lije na mtungi wa kuzimia moto na karai la moto wa mazoezi kwenye mkutano wa mtaa au bonanza la mpira Jumapili, mama lishe ashike mwenyewe, avute pini, aelekeze chini moto unapoanzia, siyo juu kwenye ndimi. Mtu akishazima moto kwa mkono wake hapohapo mwandikisheni, mpeni mafunzo na buti na glavu, maana kujitolea bila vifaa ni kumuua mtoto wa mtu. Na namba 114 ya kuwaita zimamoto ibandikwe kila kijiwe, wengi bado hawaijui.

Msomaji wako, Dar es Salaam