Msikalie nguzo za Namoratunga

Mhariri,

Mimi ni dereva wa lori la samaki. Nikitoka Kalokol kuelekea Lodwar, huku Turkana kaskazini mwa Kenya, hupita kando ya Namoratunga, zile nguzo 19 za basalti (mawe ya volkano) zilizosimikwa ardhini, nyingine zimeinama, zikiwa ndani ya duara la mawe madogo karibu na barabara. Juzi nilisimama hapo kupoza injini nikakuta kundi la vijana waliotoka mbali. Mmoja kakalia nguzo akipigwa picha, mwenzake anatikisa nyingine aone kama itang'oka. Nilipowakemea, wakanijibu kwa upole: "Mzee, si ni mawe tu?"

Wenyeji husimulia kwamba hapo watu walikuwa wakicheza ngoma, akatokea mgeni wa ajabu akawaonya wasimcheke. Wakamcheka, wakageuka mawe. Hadi leo wapita njia huokota kijiwe wakakiweka juu ya nguzo. Nami huweka changu, ingawa turniboi wangu hunicheka (hajageuka jiwe bado).

Wasomi nao wana yao. Mwaka 1978 Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo hizo zimepangwa kufuata nyota ambazo Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, huhesabia kalenda yao. Waliopima upya baadaye walitilia shaka, lakini hadithi ya nyota ndiyo inayowanogea wanaoleta wageni. Laiti wangewaeleza habari za Lothagam North, mahali pengine penye nguzo kama hizi, upande huu huu wa magharibi wa Ziwa Turkana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba chini ya jukwaa la mawe, lenye upana wa mita 30 hivi, walizikwa watu wasiopungua 580. Ni wake kwa waume, wazee kwa watoto, na karibu kila mmoja alizikwa na mapambo yake: shanga za mawe ya rangi, maganda ya mayai ya mbuni. Hakuna dalili ya bwana mkubwa aliyetengewa kaburi la fahari. Waliopajenga walikuwa wafugaji wa mwanzo wa eneo hili, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wakati mvua zinapungua na ziwa linarudi nyuma. Katika shida hiyo yote walipata nguvu ya kuburura mawe kwa ajili ya wafu wao. Hao vijana wangekalia msalaba wa kaburi la babu yao?

Ombi langu ni dogo. Wanaoleta wageni wawakataze kupanda nguzo kabla hawajashuka garini, na kaunti iajiri mlinzi kutoka vijiji vya hapo karibu. Seng'enge sitaki. Ukizungusha ua, mama anayepita na mzigo wa kuni ataweka wapi kijiwe chake?

Dereva wa samaki,
Kitale