Gari la kuvutia tela lichaguliwe kwa uzito kabla ya injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeuliza anunue gari gani la kuvutia tela la kubebea magari mabovu kati ya Iringa na Dar es Salaam. Waliotangulia kumjibu walijitahidi, lakini karibu wote walizungumzia injini: mmoja aliisifia Prado kwa nguvu zake, mwingine akamwambia kwamba hata Noah inatosha maadamu tela lenyewe si kubwa. Mimi ni fundi wa magari hapa Iringa, kazi yangu ni pamoja na kufunga ndoano za kuvutia tela na kutengeneza magari yaliyoharibiwa nazo, na naona ushauri wa namna hiyo umeanzia mwisho.

Injini ndogo kupita kiasi italivuta tela polepole, walio nyuma watapiga honi, safari itachelewa, na hasara itaishia hapo. Gari jepesi lenye breki dhaifu ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kwenye mteremko tela ndilo huanza kulisukuma gari, na dereva akishafika hapo hana tena la kuamua. Anayetoka Iringa kwenda Dar es Salaam hana budi kuushuka Mlima Kitonga kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni, kwenye kona zinazofuatana, huku upande wa pili malori yakipanda kwa kujikokota na wenye haraka wakitafuta upenyo wa kuyapita. Kwa hiyo namsihi mwenzetu aulize kwanza gari litashika uzito gani, kisha litasimamisha uzito gani, ndipo aulize litavuta kwa kasi gani.

Aanze na hesabu ya uzito, na aifanye kwa mzigo mzito kuliko yote atakayoitiwa, maana biashara hii haichagui mteja. Tela la ekseli mbili pamoja na ngazi zake za kupandishia gari huwa na kilo 600 hadi 900 likiwa tupu. Likipandishwa gari dogo kama IST, ambayo ina kilo 1,000 na ushei, jumla inakuwa kama tani moja na robo tatu. Likipandishwa Noah ya kilo 1,600 hivi, jumla inafika kilo 2,300 au 2,400. Prado peke yake inazidi tani mbili, hivyo mzigo unakaribia tani tatu kabla ya kuhesabu winchi, jeki, tairi la akiba na magunia ya vitunguu ambayo mwenye gari ameyaacha ndani kwa kuwa eti gari limepata usafiri wa bure. Tela likishakamilika lipelekwe likapimwe kwenye mizani ya magari, zile zilizoko kwenye viwanda na maghala ya mazao, kwa sababu neno la mchomeleaji kwamba tela ni jepesi halina kilo ndani yake.

Sehemu ya uzito huo haibebwi na tela bali na mkia wa gari linalovuta, na hapa ndipo ushauri mwingi hukosea. Australia na Marekani hushauriwa kwamba takriban asilimia 10 ya uzito wa tela lililojaa ikalie ndoano, ingawa Ulaya hutumia pungufu ya hapo. Kwa tela la kilo 2,300 hizo ni kilo 230, sawa na watu wazima watatu waliokaa juu ya bampa. Tuchukue Prado ya toleo la 150, ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 2.79, na tuseme ndoano imechomoza mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 230 zilizokaa hapo huiongezea ekseli ya nyuma karibu kilo 330 na kuipunguzia ya mbele karibu kilo 100, kwa kuwa gari linakuwa limekandamizwa mkia na kunyanyuliwa pua. Dereva ataliona jambo hilo mikononi mwake: usukani unakuwa mwepesi, taa za mbele zinamulika juu ya miti, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, zinakuwa na matairi yasiyokanyaga lami sawasawa. Gari refu huathirika pungufu ya hapo. Hilux ya milango minne ina mita 3.085 kati ya ekseli na Land Cruiser pick-up ya milango miwili ina mita 3.18, na tofauti hiyo ni kubwa barabarani kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Wapo watakaosema kwamba dawa yake ni kulirudisha gari lililobebwa nyuma kidogo ili ndoano ipumue. Hiyo ni hatari zaidi. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli za tela, ndoano hunyanyuliwa badala ya kukandamizwa, na mwendo ukifika mahali fulani tela huanza kuyumba kushoto na kulia, kila yumbo likizidi lililotangulia. Gari lenye injini mbele lipandishwe pua ikielekea gari linalovuta, lisogezwe hadi ndoano ipate uzito wake, kisha lifungwe.

Noah, kwa hiyo, niiondoe kabisa. Ni gari zuri la familia, lakini nyingi zinazouzwa kwetu zinaendeshwa na magurudumu ya mbele, yale yale yanayonyanyuliwa na uzito wa ndoano. Halina chasisi ya peke yake, ndoano inafungwa kwenye mabati ya sakafu. Na matoleo ya kuanzia 2007 yana gia boksi ya mkanda ambayo haikuundwa kwa kazi hii. Nimeletewa gari la aina hiyo ambalo ndoano yake ilichomelewa pembeni mwa barabara. Rangi ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba kuuzunguka mchomeleo, kutu imeanza kuchuruzika humo, na mlango wa nyuma haukuwa ukifunga tena kwa sababu bati lilishavutika.

Prado ina chasisi, nayo inafaa kuvuta IST au Corolla. Wanaosema inafaa kuvuta chochote hutegemea jina, na jina si kipimo. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na huko mtu anayevuta tela lenye jumla ya zaidi ya kilo 750 hutakiwa kuwa na leseni ya peke yake ya kuvuta, ndiyo maana ni nadra kuona gari kutoka huko likiwa na ndoano au nyaya za tela. Takwimu ambazo watu huzitaja vijiweni hutoka Australia. Huko Prado 150 yenye dizeli ya lita 3.0 ilipewa kikomo cha kilo 2,500, na ile ya lita 2.8 baadaye ikafikishwa kilo 3,000, wakati Land Cruiser za aina ya 70 na ya 200 zilipewa kilo 3,500. Prado ya petroli ya lita 2.7 iliyotoka Japani haina haki ya kuazima tarakimu hizo. Zaidi ya hayo, tarakimu hizo ni za tela lenye breki. Tela lisilo na breki kikomo chake ni kilo 750 kwa karibu magari yote haya. Tena kuna kikomo cha jumla ya gari, abiria, mafuta na tela kwa pamoja, ambacho mara nyingi ni kidogo kuliko ukijumlisha uzito wa juu wa gari na uzito wa juu wa tela, hivyo gari lililojaa watu na mizigo haliruhusiwi kuvuta kiasi kile kile ambacho lingevuta likiwa na dereva peke yake.

Kwa mzigo wa Noah au Prado kwenye barabara hii mimi ningechagua kati ya mawili. La kwanza ni Hilux ya dizeli yenye turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, na la pili ni Land Cruiser pick-up, ile inayoitwa mkonga. Mkonga wenye injini ya 1HZ, yaani dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita bila turbo, hauna haraka. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Iringa mjini iko kwenye mita 1,600 hivi, kwa hiyo wakati wa kupanda dereva atakaa nyuma ya malori na kutulia. Lakini ni mzito, mrefu, una springi za vyuma bapa nyuma na gia za mkono, na ukiwekwa gia namba mbili juu ya Kitonga unashuka bila kukaangia breki. Hilux ya turbo inaupanda mlima vizuri zaidi na inatumia mafuta kidogo. Udhaifu wake ni kwamba dereva hujisahau na kukimbia. Kutoka kilomita 60 kwa saa kwenda 80 kunaongeza mzigo wa kazi ya breki kwa karibu asilimia 78, na breki za gari hazijui kwamba dereva anawahi foleni ya Kibaha.

Anayetaka gari la otomatiki anaweza kulipata, ila ahakikishe lina rejeta ya kupozea mafuta ya gia boksi, na kwenye milima azime gia ya juu kwa kile kitufe cha O/D ili gia boksi isiwe inapandisha na kushusha kila dakika. Mafuta yaliyoungua hujulikana kwa kuvuta kijiti cha kupimia: mazuri ni mekundu na yanang'aa, yaliyoungua ni ya kahawia na yananuka kama kitu kilichoungulia. Akikuta hayo kwenye gari analotaka kununua, aondoke.

Breki za tela ningeandika barua nzima. Tela nyingi zinazoundwa mitaani hazina breki kabisa, na wateja hawaulizi. Aina ya bei nafuu ni ile ambayo gari likipunguza mwendo, mkono wa tela husukumwa ndani na kuvuta waya unaofunga breki za magurudumu. Inafanya kazi, ingawa wakati wa kurudi nyuma inaweza kujifunga ikiwa haina kizuizi. Aina bora ni ya umeme, ambayo dereva anaweza kuifunga akiwa kwenye kiti chake, hata kuyafunga magurudumu ya tela peke yake pale linapoanza kuyumba. Australia tela linalozidi kilo 2,000 lazima liwe na breki kwenye magurudumu yote na liwe na namna ya kujifunga lenyewe likikatika. Sioni sababu ya mwenzetu kutaka pungufu ya hapo kwa ajili ya Kitonga. Akiwa na breki nzuri, akifika Ruaha Mbuyuni asimame, asogeze kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Gurudumu lililo la moto kuliko mengine lina breki inayokamata au beringi inayokufa.

Mawili ya haraka kwa atakayenunua gari lililotumika. Mkonga wa zamani uliotoka Japani unaweza kuwa na umeme wa volti 24, na taa za tela za volti 12 zitaungua siku ya kwanza, kisha fundi atalaumiwa bure. Matairi ya tela nayo yasomwe tarehe: zile tarakimu nne za mwisho pembeni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, na tela hupenda kufungwa matairi yaliyostaafu kwenye gari jingine. Tela lina usajili na namba yake, na gari na tela lililojaa kwa pamoja huwa na uzito mkubwa, kwa hiyo aulize mapema kama atatakiwa kupita mizani barabarani, na karatasi ziwe kamili kabla ya safari.

Limebaki swali ambalo mwenzetu hakuliuliza. Kama kazi itakuwa ya kila siku, Canter yenye bodi la bapa na winchi inabeba gari mgongoni, haina ndoano wala mkia wa kuyumba, inarudi nyuma kirahisi kwenye gereji zilizobanana, na breki zake zimeundwa kwa uzito huo tangu kiwandani. Tela lina faida pale ambapo gari linalovuta litakuwa na kazi nyingine siku ambazo hakuna aliyeharibikiwa. Akiwa na shamba Kilolo la kulipelekea mbolea, Hilux itamlipa mara mbili. Akiwa hana, aulize kwanza bei ya Canter.

Wenu,
Fundi wa magari,
Kihesa, Iringa.