Mabaka ya Usoni mwa Zulfa

Mkomani, Lamu

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Picha za Zulfa nimezipata na nimezitazama mchana, penye mwanga. Najua kilichokuuma zaidi ni yule jirani aliyetamka mbalanga mbele ya mtoto wa miaka 14, kwa hivyo nianzie hapo.

Mbalanga huwa nyeupe pe, mpaka wake unaonekana waziwazi, na aghalabu huanzia kando ya macho, mdomo au vidoleni. Mabaka ya Zulfa yamefifia tu, huoni hasa yanapoishia, na umesema ukimpapasa shavu unakuta vijiunga. Watoto wa namna hiyo tunawaona sana hapa zahanatini. Madaktari huiita pitiriasi alba. Huwapata zaidi walio kati ya miaka 3 na 16, hasa wenye ngozi kavu, au ambao kwao kuna pumu na ukurutu. Haiambukizi hata kidogo, kwa hivyo asitengwe na wadogo zake.

Umeuliza mbona yamezuka kaskazi hii. Jua hukoleza rangi ya ngozi nzima, na pale penye mabaka hapakolei, basi tofauti inajitokeza. Huenda yalikuwepo tangu zamani, hamkuyaona. Na hao wanaosema ni minyoo, mpe dawa ya minyoo kama wakati wake umefika, ila usitarajie uso ubadilike kwa hiyo.

Tiba yake kubwa ni mafuta. Aoshe uso kwa sabuni laini, si ile ya kufulia, na akitoka kuogelea baharini ajisuuze chumvi. Ngozi ikiwa bado na unyevu, apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, asubuhi na usiku. Mchana ajikinge jua, kwa mtandio au losheni ya kukinga jua ukiipata. Pakiwa na wekundu na mwasho, daktari huweza kumwandikia krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi hafifu ya kutuliza ngozi, kwa muda mfupi. Liwa aiache kwanza. Ndimu asiiguse kabisa, maana maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi.

Ninachokiogopa, Mwanaidi, ni zile krimu za kusawazisha rangi zinazouzwa bila kuulizwa cheti. Nyingi zina steroidi kali, nyingine zebaki. Siku za mwanzo uso unang'aa, mama anafurahi. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, chunusi zinatapakaa, na msichana akiacha kupaka uso unawaka moto. Nimewaona wakilia mbele yangu, na walianza na vibaka vidogo kama vya Zulfa. Kinachowasukuma ni kutaka rangi irudi upesi, na rangi hairudi upesi. Vijiunga huisha mapema, lakini rangi huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi. Mwambie hivyo tangu leo, asije akadhani dawa imeshindwa.

Mabaka yakishuka shingoni, kifuani na mgongoni, hapo fikiria mba. Hiyo huletwa na kuvu anayeishi kwenye ngozi zetu sote na kustawi kwenye joto na jasho. Hutibiwa kwa krimu ya klotrimazo au shampuu ya ketokonazo, na hata kuvu akishakufa rangi hukawia.

Nawe fanya jambo moja: mfumbe macho, umpitishie pamba polepole juu ya kila baka. Pasipohisi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana ukoma huanza hivyo, na siku hizi una dawa ya bure inayouponya kabisa. Kwa picha nilizoziona siutarajii, lakini jaribu. Vilevile baka likigeuka jeupe kabisa, nenda kwa daktari wa ngozi bila kungoja, kwani mbalanga nayo hutibika vizuri zaidi ikiwahiwa.

Mwisho wa mwezi nitumie picha nyingine, umpige pale pale na saa ile ile, tulinganishe. Na Ijumaa baada ya Asri mpe Zulfa simu, nataka kuzungumza naye mwenyewe.

Wasalaam,
Shoga yako Fatuma